Dkt. Delfina Jorrioz na Vita vya Pua Nyekundu Bondeni Vernoz

Dkt. Delfina Jorrioz anastaafu tarehe 30 Septemba, baada ya kuwatibu ng'ombe wa bonde la Vernoz kwa miaka thelathini na mmoja. Siku hiyo hiyo mifugo inateremka kutoka malisho ya juu, kwa hiyo asitegemee kwamba watu wote watakuwa wanamtazama yeye. Kazi ya kuandika wasifu huu na kuusoma mbele yenu kwenye karamu hii ya kumuaga nimepewa mimi, Renato, kwa sababu nimekuwa msaidizi wake muda mrefu: ndimi ninayeshika mkia, ninayebeba sanduku la mirija ya damu, na ninayekaripiwa.

Alizaliwa hapa hapa, nyumba ya chini ya kanisa, yeye na mdogo wake Ildo. Alisomea udaktari wa mifugo Turin. Wenzake wengi walibaki huko mjini kutibu paka, yeye akarudi na viatu vyake vya mpira.

Majina ya watu hayamkai kichwani, ila ya ng'ombe hayamtoki. Paroko wetu, kwake, bado ni "yule kaka yake mwenye Morina", na Morina ni ng'ombe. Halafu anaogopa bata bukini. Mwanamke anayeingia kwenye zizi la fahali bila hata kuvua miwani, siku moja nilimkuta amesimama juu ya boneti ya gari, bata wa Mama Celestina Glarey wamemzunguka. "Renato," akaniambia kwa adabu zote, "ukimaliza kucheka niletee ufagio."

Lakini kazi kubwa ya maisha yake ni pua nyekundu. Kwa wageni waliotoka mjini, huu ni ugonjwa wa virusi unaoambukiza kwa pumzi. Ng'ombe anapata homa, pua inakuwa nyekundu na kutiririka makamasi, anakohoa, maziwa yanapungua, na mwenye mimba anaweza kuitoa. Wengi wanapona, na ubaya wake uko hapo hapo kwenye kupona. Virusi haviondoki. Vinajificha kwenye mishipa ya fahamu ya kichwani, na ng'ombe anaishi navyo maisha yake yote, hana hili wala lile. Akija kuchoka, akizaa au akipigana, vinaamka na kutoka tena puani, hata kama yeye mwenyewe hakohoi.

Na sisi tunapenda mno mapigano ya ng'ombe wetu majike, pembe kwa pembe na pua kwa pua, mpaka mmoja ageuke na kuondoka. Vernoz tulikuwa na nyongeza yetu. Jioni ya ushindi, malkia, yaani ng'ombe aliyewashinda wote, alitembezwa mlango kwa mlango, na kila nyumba ilitoa ng'ombe wake wamnuse pua ili wapate ujasiri wake. Kama ungetaka kuugawa ugonjwa huu kwa haki, usingepata njia bora zaidi.

Mwaka mmoja, wakati wa majira ya kuchipua, malkia alikuwa Baronna wa Ildo. Alikuwa mweusi, mzito, mzao wa ng'ombe wa marehemu mama yao, na Ildo alimlea kwa chupa pale jikoni. Tulimtembeza kwa mvinyo na nyimbo hadi kwenye kanisa dogo la juu, mvua ikatukatiza. Siku chache baadaye nyumba zote za chini ya kanisa hilo zilikuwa na kikohozi zizini, na za juu yake hazikuwa nacho. Ndama wawili wa Mama Celestina walitoka kabla ya wakati wao, wamekufa. Delfina alipima damu za wote. Kinga iliyokuwa kwenye damu ya Baronna ilionyesha kwamba alikuwa na ugonjwa huo tangu zamani, na mapigano yalikuwa yameuamsha.

Kanuni ilikuwa ngumu. Akibaki kijijini hata ng'ombe mmoja aliyepatikana nao, na wa kwanza wao alikuwa Baronna, hakuna ng'ombe wa Vernoz atakayepanda kwenye malisho ya pamoja mwezi wa Juni, na wasipopanda watamaliza wakati wa kiangazi nyasi kavu zilizowekwa akiba kwa majira ya baridi. Delfina hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe zizini kwa mdogo wake, nami nikiwa nyuma yake.

"Mgonjwa yuko wapi, dada?" Ildo akauliza. "Anakula, anakamuliwa, ana nguvu kuliko mimi na wewe."

"Najua hakohoi. Lakini anao, Ildo. Akizaa tu atawapa wa jirani tena."

"Ng'ombe wamejaa bondeni. Chukua damu ya mwingine, uandike jina la Baronna. Nani atajua?"

"Celestina atajua, akimzika ndama wa tatu."

"Huyu ni wa mama."

"Ni wa mama," Delfina akasema. "Ndiyo maana nimekuja mimi."

Ildo akaweka ndoo chini. "Haya, mchukue. Ila kuanzia leo usinisalimie."

Delfina alimwongoza Baronna mwenyewe hadi kwenye lori la machinjio, mkono shingoni, akimsemesha kwa lugha yetu ya milimani ili asiogope. Njiani kurudi aliniambia nitazame barabara, nami nikaitazama. Juni ile ng'ombe walipanda.

Kukomesha ile desturi ya kunusishana hakukuwa rahisi. "Kesho daktari atatuambia ng'ombe wavae barakoa," wazee walimtania baani, naye akawajibu kwamba barakoa ataanza kuwavisha wao, kwa sababu ya harufu ya kitunguu saumu. Alichanja, alipima, alibembeleza. Mwenye ng'ombe aliyelazimika kuondolewa, Delfina alirudi kwake baadaye bila sanduku, akakaa mezani wakala polenta, ule ugali wetu wa mahindi, na maziwa, na habari ya ugonjwa haikutajwa.

Kwa Ildo pia tulikwenda kila majira ya baridi kuchukua damu za ng'ombe. Alimshikilia ng'ombe imara kuliko mfugaji yeyote, macho ukutani. Delfina, kwa kuwa alikatazwa kumsalimia, akawa anamsalimia ng'ombe: "Habari za hapa? Bwana wako analala vizuri?" Kwa miaka mingi hakupata jibu. Halafu mwaka mmoja Ildo akamnong'oneza ng'ombe yule yule, "Mwambie goti linanisumbua." Mimi nilisimama katikati na sindano, nikijifanya kiziwi. Juma lililofuata dawa ya goti ilifika kwa Ildo. Haikuwa na jina la aliyeituma, na wala haikurudishwa.

Mwaka huu, majira ya kuchipua, majibu ya mwisho yalikuja: bondeni kote hakuna hata ng'ombe mmoja mwenye pua nyekundu, wala anayeuficha ugonjwa huo. Delfina aliyasoma, akavua miwani, akaniambia nikaoshe gari.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Ildo kumwomba habari za utotoni za dada yake. Alipangusa mikono iliyokwisha kukauka. Kisha akasema, "Andika kwamba dada alifanya sawa. Nilijua tangu Juni ile, ng'ombe wa watu walipopita hapa wakipanda. Nilishindwa tu kusema." Nikamwambia maneno kama hayo amwambie mwenyewe. "Nitamwambia," akasema. "Lakini wewe andika kwanza, nisije nikaona watu nikakimbilia nyumbani."

Daktari wetu, Vernoz nzima inakushukuru, na mimi ninayekaripiwa nakushukuru zaidi. Sijui nitafanya kazi vipi bila sauti yako. Pumzika, ulale mpaka jua liingie dirishani, na siku zako zilizobaki ziwe njema na nyingi.

Na wewe Ildo, najua umekaa karibu na mlango. Nimeshaandika. Inuka.