Mama Bertilla na Maboksi Kumi na Manne ya Magego

"Jino ni jino. La Mfipa, la Msukuma, la Mzungu, yote yanafuata kalenda moja. Hayo maboksi ni takataka tu, yachomwe."

Hayo ni maneno ya Bwana Adolfu, katibu wa hospitali yetu, katika kikao cha Jumanne, alipokitaka chumba cha meno kiwe cha wagonjwa wa kulipia. Bwana Adolfu ni hodari wa kupanga vyumba. Kuhusu meno hajui kitu, na safari hii kutojua kwake kunaweza kumnyonga mtoto.

Mama Bertilla Kapele anastaafu tarehe 30 Juni 1997, baada ya kutibu meno hapa Sumbawanga kwa miaka thelathini na mitatu. Amewang'oa meno mapadri, wavuvi wa Kasanga, madereva wa malori ya Kasesya, na afande mmoja mkubwa aliyeomba mlango ufungwe ili vijana wake wasisikie kelele zake. Kelele tulizisikia sote.

Lakini kazi iliyomnyima usingizi ni nyingine. Sheria hairuhusu kumhukumu kifo mtu aliye chini ya miaka kumi na minane. Mshtakiwa asiye na cheti huletwa kwetu, apigwe picha ya gego la mwisho, na mzizi wake ulinganishwe na jedwali la umri la kitabu cha Kizungu. Mwaka 1979 aliletwa Leonidas, kijana wa Kifipa aliyeua mtu kwenye ugomvi wa pombe. Mama Bertilla akafungua kitabu, akaandika: amepita kumi na minane. Leonidas akahukumiwa kunyongwa. Rufaa ilikuwa imekaribia kusikilizwa mama yake alipofika na cheti cha ubatizo kutoka parokiani. Siku ya kosa, mwanawe alikuwa na miaka kumi na sita na miezi minne. Cheti hicho ndicho kilichomwokoa na kamba.

Mwingine angelaumu kitabu akaenda kunywa chai. Mama Bertilla aliibandika nakala ya taarifa yake ukutani, mbele ya kiti chake, na ipo mpaka leo. Kisha akaenda parokiani kuomba daftari la ubatizo. Kila mtoto aliyeletwa kwa maumivu ya jino, kama tarehe yake imo daftarini, picha yake iliwekwa boksini pamoja na umri wake wa kweli.

Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe zao hawakuwa na daftari hilo. Akateremka Kaoze, akatafuta waliozaliwa zahanati wakaandikwa siku hiyohiyo. Mama mmoja, Minza, alimcheka mbele za watu: "Daktari, sisi tukimfunua mnyama mdomo tunataka kumnunua. Wewe wanangu utawalipia ng'ombe wangapi?" Alipoelezwa shida ya kitabu, Minza akashangaa zaidi. "Kumbe! Hata ng'ombe wa kizungu na wa kwetu hawabadili meno wakati mmoja. Mwenye kitabu hakuchunga?" Wiki iliyofuata alipanda Sumbawanga na watoto wanane, watano wa majirani.

Picha mia sita zikasema nini? Kati ya Mfipa na Msukuma, tofauti ni ndogo, na Mama Bertilla hakuikuza. Tofauti kubwa ni kati yetu sote na watoto wa Ulaya waliopimwa kwa ajili ya kile kitabu: mzizi wa gego la mwisho kwetu hutangulia mwaka mmoja, hata miwili. Ukisoma kwa kitabu chao, mtoto wetu anaonekana mtu mzima. Bwana Adolfu, kalenda moja iko wapi?

Sasa yupo Kashinje, mchunga ng'ombe, mahabusu tangu Mei kwa kifo kilichotokea kwenye ugomvi mnadani. Wazazi wake wamekufa. Alizaliwa njiani, ng'ombe wakihamishwa. Polisi wameandika miaka kumi na tisa, na kitabu kinawaunga mkono. Maboksi yanasema kati ya kumi na tano na kumi na saba na nusu. Kesi ni tarehe 21 Julai, wiki tatu baada ya Mama Bertilla kukabidhi funguo.

Kuna wanaonong'ona kwamba mstaafu hana mamlaka ya kusimama mahakamani. Upuuzi. Shahidi huitwa kwa anachokijua, hata kama jina lake limetoka kwenye orodha ya mishahara.

Mama Bertilla, ahsante. Ulikosea mara moja, ukatumia miaka kumi na minane kuhakikisha hatukosei tena. Ustaafu kwa amani ya moyo, ulezi wako shambani ukubali, wajukuu wakusumbue kwa kiasi.

Na ninyi, Mganga Mfawidhi na wajumbe wa kamati ya vyumba, mnaosoma ukurasa huu wa jarida letu kabla ya kikao cha Ijumaa: futeni amri ya Bwana Adolfu ya kuchoma. Kabidhini maboksi yote kumi na manne kwa maandishi kwa tabibu Rhoda, anayeshika kiti cha Mama Bertilla. Tarehe 21 Julai, saa mbili asubuhi, gari la hospitali limchukue Mama Bertilla nyumbani kwake na kumfikisha mahakamani, picha ya Kashinje ikiwa mkononi mwake.