Kisanduku Kisichomo Kwenye Michoro

Jumanne, tarehe tisa Juni, saa nne na robo asubuhi, maofisa wa usalama waliitia lakiri mashine ya kukata vitambaa isiguswe, na kiwanda cha sare kikanyamaza. Ndani ya mashine hiyo iliyotoka ng'ambo walikuta kisanduku cheusi kisichomo kwenye michoro yake. Kufikia Alhamisi, benchi la kahawa mbele ya lango lilikuwa limejaa majaji. Mpima, mkata vitambaa mwenye miaka ishirini kazini, alikaa pembeni, kikombe kikimpoa mkononi. Mdogo wake, fundi umeme wa kiwanda hicho, alikuwa na miezi miwili kaburini.

— Kile kinapeleka habari nje, alisema Kamanda, mlinzi mstaafu. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana wamekificha kwenye kiwanda cha nguo!

— Habari gani, Kamanda? Vipimo vya viuno? aliuliza Wembe, kinyozi.

— Cheka tu. Sare za askari zinashonwa wapi? Adui akijua viuno vyao, anajua jeshi limeshiba au lina njaa.

— Angepima chako angekimbia! Mimi nasema ni washindani wetu. Wameona tunakata suruali mia kwa saa, wakatuchongea. Mwezi ukiisha kiwanda kimefungwa, oda inakwenda kwao.

— Haraka haraka haina baraka, alidakia Bibi Kahawa. Mashine ya mbio vile lazima ina mapepo.

— Afadhali njaa kuliko kupelelezwa, alisema Kamanda.

— Pensheni yako haikutiwa lakiri, baba, alisema Wembe. Binti yangu mshonaji yuko nyumbani tangu juzi.

Kamanda akashusha sauti.

— Aliyekiweka ni mtu wa ndani. Msaliti. Akijulikana, hata watoto wake wasisalimiwe.

Mwanamke mmoja aliyekuja kutafuta kazi, bahasha kwapani, alikuwa amesimama akiwasikiliza.

— Shikamooni, wazee wangu. Samahani, hiyo mashine ikiharibika, nani alikuwa anaitengeneza?

Wembe alikohoa. Kamanda aliangalia viatu vyake. Wote wawili walikuwa wamelibeba jeneza la mdogo wake Mpima.

Mpima alijua. Umeme ulipokuwa ukikatika kila mara, mdogo wake alikiunda kile kisanduku kwa gamba la redio mbovu, mashine isiungue. Hakuomba ruhusa, maana meneja angekataa. Mpima mwenyewe ndiye aliyemshikia tochi. Akinyamaza, watu mia mbili hawana kazi. Akisema, marehemu ataitwa msaliti, naye hana mdomo wa kujitetea.

Aliweka kikombe chini, akasimama.

— Ni mdogo wangu aliyekiweka. Nilikuwepo.

— Kaa chini, ndugu yangu, alisema Kamanda, safari hii kwa upole. Wale wakikuingiza ndani, kutoka ni kazi.

— Nitakaa huko huko basi.

Alivuka barabara kuelekea langoni waliposimama maofisa, taratibu, midomo ikimcheza:

— Ee Mola, mrehemu mdogo wangu. Msamehe alilolifanya bila idhini, mlipe alilolifanya kwa nia njema. Nipe maneno ya kutosha, jina lake lisichafuke kwa ulimi wangu. Mlaze mahali pema. Amina.