Fundi Futi na Karatasi ya Mahudhurio

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi cherehani wa mtaa ulio nyuma ya kituo cha mabasi. Watu walimwita Fundi Futi, maana futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni. Mkewe anasema hata bafuni aliingia nayo. Alifariki Jumanne iliyopita. Fundi Futi hatunaye tena.

Alishona miaka thelathini na mmoja katika chumba kimoja. Mlango mmoja, dirisha moja, cherehani ya miguu. Siku moja wapimaji wakaja, wakachora alama nyekundu ukutani. Reli ya treni ya abiria itapita hapo.

Treni hakuichukia. Aliuliza tu: kwa fedha za reli hiyo moja, ambazo wajukuu watazilipa mpaka wazeeke, si tungepata mabasi ya kutosha mji mzima, na nyumba zikabaki? Ofisa mmoja akamwambia ashone nguo, mambo ya treni awaachie wenyewe. Fundi akamtazama.

"Mwanangu, hiyo suruali inakubana kwa sababu aliyeishona hakukuuliza."

Ukaitishwa mkutano wa wananchi. Fundi Futi akapita mlango kwa mlango. Aliwasihi majirani waje, na kila mmoja atie sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, wakubwa waone tulivyo wengi. Walikuja watu mia mbili na kumi. Wote waliikataa reli. Wote walitia sahihi.

Wasikilizaji wapendwa, karatasi ile haikuwa na kichwa. Miezi miwili baadaye ilibandikwa nje ya ofisi, juu imeandikwa: Wakazi Waliokubali. Jina la kwanza lilikuwa lake.

Alikwenda kulalamika mara nne. Mara ya nne akaambiwa mkataba umeshafungwa. Dada yake anasema hakuna jirani aliyemlaumu.

"Ila walianza kumsalimia kwa mbali. Nguo wakapeleka kwingine. Hilo ndilo lililommaliza kaka yangu."

Msibani kiliwekwa kitabu cha rambirambi, na kalamu juu yake. Watu walijaa mpaka barabarani. Hakuna aliyeandika.

Tunawapa pole mkewe, dada yake na mtaa mzima. Je, alikosea wapi? Tafakarini huko mliko, maana mimi nimefikiri nimechoka. Tingatinga linaingia Jumatatu. Mjane bado anatafuta pa kuweka cherehani.