Maabara Iliyoniibia Mume

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzangu (ingawa mimi bado sijaitwa mama na mtu), na ninyi wanafunzi mnaonitazama kama bibi harusi aliyesahau kuondoka ukumbini: nawasalimu kwa furaha.

Mwalimu Mkuu amenisimamisha hapa nijibu swali alilonipelekea nyumbani: je, nakubali mume wangu, mwalimu wenu wa fizikia, afundishe katika maabara hii mpya kila jioni? Ndugu zangu, mimi ni fundi cherehani niliyeolewa juzijuzi tu. Mlango ukifunguliwa jioni, moyo wangu bado unakwenda mbio kuliko cherehani yangu. Nanyi mnazitaka jioni hizohizo?

Wivu ninao, sifichi. Juzi birika letu la umeme, zawadi ya shangazi yangu siku ya harusi, lilitoweka jikoni. Nikalifuata hapahapa. Dirishani nikamwona mume wangu amepiga magoti mbele ya jiwe linaloning'inia kwenye uzi, analibembeleza: "Taratibu, mrembo, usiyumbe pembeni." Mrembo! Jina nililodhani ni langu peke yangu! Na birika langu? Liko mikononi mwa mtunza maabara, yule mnayemwita Dada Volti, msichana mwenye tabasamu ambalo, Mungu anisamehe, silipendi.

"Karibu, wifi," akaniambia nilipoingia. "Tunapima nishati."

"Pimieni birika la kwenu!"

Mume wangu akacheka. "Mke wangu, tazama. Umeme ukiingia humu unageuka joto. Joto jingi linachemsha maji, jingine linapasha birika lenyewe na hewa. Nishati haipotei, hubadilika tu."

"Haipotei? Basi ile bashasha unayoondoka nayo asubuhi, jioni ukarudi huna, imehamia wapi?"

Dada Volti akajikohoza. Mume wangu, bingwa wa majibu, akainamia birika kana kwamba jibu limo humo.

Ndipo nilipogeuka. Darasa zima lilikuwa limesimama, linagombania kusoma kipimajoto. Na aliyepiga kelele kuliko wote, "Yanachemka! Yanachemka!", ni yule mliyempa jina la Gogo kwa usingizi wake darasani. Gogo yuko macho! Je, nilihitaji kuambiwa bashasha ya mume wangu imekwenda wapi?

Kwa hiyo, Mwalimu Mkuu, jibu langu ni ndiyo. Lakini mtu hagawi mume kama kitambaa, kipande huku, kipande kule. Shuleni kwetu fizikia tuliisoma ubaoni tu, maabara hatukuwa nayo. Kwa hiyo nimeomba kusoma na darasa la jioni, na kiti cha mbele kabisa ni changu.

Nawe, mume wangu kipenzi, ukiniuliza swali nikashindwa, usinionee huruma mbele ya watu. Huruma hiyo niwekee mpaka tufike nyumbani.

Nawashukuru nyote, asanteni kwa kunivumilia na wivu wangu.