Fundi Chekeche na Majani Yaliyoungua

Tarehe 30 mwezi huu, fundi wa maabara yetu ya udongo anatimiza miaka thelathini na saba ya utumishi. Saa kumi kamili atavua koti lake jeupe, ambalo tangu wiki ya kwanza halijawahi kuwa jeupe tena. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu humwita Fundi Chekeche. Waliompa jina hilo walidhani wanamtania kwa kuwa hushinda akichekecha udongo. Walichelewa kugundua kwamba wanaochekechwa ni wao.

Alianza kama mfagizi wa banda la miche. Mwaka haukuisha kabla hajajua udongo kuliko wahadhiri wawili, mmoja wao mimi. Mpe donge, atalilowesha kidogo, atalifinya liwe utepe kati ya vidole, kisha atatangaza: mfinyanzi, asilimia arobaini. Siku moja mashine yetu mpya ilisema thelathini na tatu. Akashauri mashine ipelekwe kwa fundi, na ilipotengenezwa ikasema arobaini.

Mwanafunzi akimletea mpango wa utafiti wa kurasa sitini, huuliza swali moja tu: shamba umeliona? Wengi hukohoa. Mmoja wa uzamivu alipima mavuno yake yakiwa mabichi, akapata tani ambazo hazijawahi kuvunwa popote chini ya jua. Chekeche alimpongeza kwa kugundua kwamba maji yana uzito. Hata huyo alimshukuru kwenye tasnifu yake, baada ya Mungu na kabla ya wazazi, kama wanavyofanya wote.

Wasifu wa namna hii kwa kawaida huendelea na sifa mpaka msomaji asinzie. Lakini mimi nina miaka themanini na minne, moyo wangu unakohoa kama jenereta kuukuu, na daktari amenishauri nisianze kitabu kinene. Kwa hiyo nitasema lililobaki upesi.

Katika faili la fundi kuna barua ya onyo ya miaka thelathini iliyopita. Ilimkalisha daraja lile lile kwa miaka tisa. Majani ya mahindi ya mwanafunzi wa uzamili, kazi yake ya msimu mzima, yalikuwa kwenye oveni ya maabara yakikaushwa kwa nyuzi sabini. Asubuhi yalikutwa yameungua, hayafai kupimwa kitu. Ufunguo ulikuwa wa Chekeche, kamati ya nidhamu ikamuuliza Chekeche. Hakujitetea.

Aliyepandisha moto ni mimi. Nilikuwa na sampuli zangu za udongo, na udongo hukaushwa kwa nyuzi mia na tano. Wiki ile nilikuwa nasailiwa uprofesa, kichwa hakikuwa changu. Nikasukuma trei zangu ndani, nikageuza kitufe, nikaandika 105 kwenye daftari la oveni bila kutia sahihi, nikaondoka nikipiga mluzi. Rafu ya chini, yalipokuwa majani, sikuitazama. Kelele zilipoanza, nilinyamaza. Uprofesa niliupata.

Baada ya kikao, fundi alinikuta kwenye ngazi, akaniambia kwa adabu zote: "Mwalimu, tano yako ina mkia." Akapita zake. Ni kweli, tano ninayoandika ina mkia; hata marehemu mke wangu aliicheka. Ilinichukua miaka miwili kupata uso wa kumuuliza kwa nini hakuionyesha kamati lile daftari.

"Wewe si ndiye uliyekuwa msimamizi wa yule mwanafunzi?" akasema. "Wangekuondoa, binti wa watu angeanza tasnifu upya. Hivi tulianza upya mahindi tu."

Na kweli walianza. Aliyapanda pamoja na yule binti nyuma ya banda la miche, mstari kwa mstari, mpaka yakakomaa. Binti alidhani fundi anatubia kosa lake.

Binti huyo leo ni Mkuu wa Idara yetu. Ni mtu mwema, hajawahi kumtolea fundi neno baya. Lakini miaka yote hii sampuli zake hazijakanyaga maabara yetu. Huzibeba mwenyewe hadi maabara ya ng'ambo ya barabara, amezikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, zikipita mbele ya mlango wa Chekeche. Fundi humwamkia, kisha huinamia kazi yake. Mimi niliyaona hayo kila wiki, nikaenda kunywa chai.

Mkuu ndiye aliyenipa kazi ya kuandika wasifu huu. Alisema hakuna anayemjua fundi kunizidi. Hakukosea. Mama Mkuu, majani yako niliyachoma mimi. Ungamo hili, lenye sahihi safari hii, liko pia ofisi ya utumishi, pamoja na ombi kwamba barua ile itoke failini kabla ya tarehe 30. Usinihurumie kwa uzee wangu; nilipofanya haya nilikuwa na nguvu zangu zote.

Fundi, najua hupendi makelele. Vumilia kidogo. Idara nzima inakushukuru, na tunakutakia mapumziko marefu, magoti yasiyouma, na shamba lisilokanyagwa na profesa yeyote. Siku ya kukuaga nitakuwa kiti cha nyuma karibu na mlango, si kwa unyenyekevu, ni kwa ajili ya choo. Mkono wa Mkuu uupokee kwanza. Wangu utazame, kisha uamue.