Maisha ya Mwinjilisti Thadeus Nyangate, Mtu wa Manga na wa Mlima Kamelei

Watu wa Manga, washiriki wa kanisa, na nyinyi wageni wetu wa Kamelei mliofika jana mkiwa mmechoka hivyo, asanteni kwa kuja kulia na sisi. Haya ndiyo maisha ya babu yetu, vile familia inayajua.

Mwinjilisti Thadeus Nyabuto Nyangate alizaliwa tarehe 9 Mei 1952 hapa Manga, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nyangate na marehemu Mama Nyanchera. Alisoma shule ya msingi hapa karibu, kutoka 1960 hadi 1967. Angependa kuendelea, lakini shamba lilikuwa dogo na ndugu walikuwa wengi, kwa hivyo akaanza kuchuna chai. Alibatizwa katika Kanisa la Waadventista mwaka wa 1971. Baadaye akapata kazi ya kupima majani chai upande wa Itumbe, akaifanya mpaka 1985. Wakulima walimpenda kwa sababu alikuwa anawatania wakiwa kwa laini, na hakuwahi kuwaibia kwa mizani.

Mwaka wa 1977 alimuoa bibi yetu, Bathsheba Kwamboka Bosire, wa Birongo, na Mungu akawapa watoto wanne. Wakati kanisa lilikuwa linatafuta mtu wa kwenda kuhubiri kwa Wapokot wa Mlima Kamelei, Babu alipeana jina lake kabla hajaambia mtu nyumbani. Bibi akamuuliza, "Baba Gibson, huko kuna soko?" Akasema hakuna. "Kuna barabara?" Hakuna. "Kuna ndugu zako?" Akasema, "Watapatikana." Bibi akaenda kufunga sufuria. Walipanda mlima Januari 1986.

Watu wa Kamelei walikuwa wanaomba mizimu ya wazee wao. Kulikuwa na msitu mdogo kando ya chemchemi, mahali pa kuombea mvua, na hakuna mtu alikuwa anakata hata kijiti hapo. Babu hakujua. Yeye aliona tu mchanga mweusi umekaa bure, na nyinyi mnatujua sisi watu wa huku: tukiona kipande hakijalimwa hatulali. Akafyeka, akapanda ndizi na mboga ya chinsaga. Alimwambia Bibi hiyo mboga ndiyo itafungua mioyo ya watu.

Chinsaga ilikuwa imetoka vizuri wakati wazee walikuja. Aliyetangulia alikuwa Mzee Lotulia, yule wa kuombea mvua. Akauliza, "Mwalimu, nani alikupa hapa?"

"Niliona hakuna mwenyewe."

"Mwenyewe yuko. Ni wewe hujamuona."

Wazee wakasema achinjie mizimu mbuzi, ama ashuke na watoto wake. Na mvua ilikuwa imechelewa, kwa hivyo hapo hakukuwa na mchezo. Babu akasema hawezi kuchinjia mizimu hata wakimfukuza. Bibi alikuwa ameshaanza kukunja blanketi. Ndio Lotulia akauliza tena, "Mungu yako amekataza mbuzi. Amekataza pia kuomba msamaha?"

"Hapana. Hiyo anaipenda sana."

"Basi omba. Tunasikia."

Babu akakaa chini, kofia mkononi, akawaomba msamaha mbele ya watu wote, bila kutaja Biblia hata kidogo. Halafu akang'oa ndizi zake mwenyewe, akarudisha miche ya msitu vile wazee walimuonyesha. Mbuzi walichinja wao, yeye akakaa mbali. Alikuwa anatuambia hayo ndiyo mahubiri yake ya kwanza kule, na hakuwa ameyatayarisha.

Wakamuacha akae. Wakamuonyesha mahali pengine pa kujenga, na mwaka wa 1991 watu wa kwanza wakabatizwa. Leo Kamelei kuna kanisa na shule ya watoto wadogo. Lakini Lotulia hakubatizwa. Kila Sabato alikuwa anakaa nje ya dirisha, anasikiliza mpaka mwisho, anaenda zake. Babu akimwambia aingie anajibu, "Mwalimu, nikiingia mimi, wewe utabaki na kazi gani?" Babu alikuwa anacheka, lakini ilimuuma. Kila asubuhi alimtaja huyo rafiki yake kwa maombi. Alimwambia Bibi, "Naogopa nitalala kabla huyu mzee hajaongea na Mungu."

Mwaka wa 2021 ugonjwa wa sukari ulimuanza, halafu figo zikafuata. Alirudi Manga, akawa anasafishwa damu mjini Kisii. Hata manesi aliwahubiria. Wengine wako hapa leo.

Februari mwaka huu Lotulia alishuka mlima, akasafiri mpaka Kisii, mara yake ya kwanza kufika huku. Akakaa kando ya kitanda.

"Mwalimu, umekonda."

"Na wewe umezeeka."

"Nimekuombea."

"Umeomba nani?"

"Yule wako. Nilimwambia mimi si mtu wake, lakini wewe ni rafiki yangu, akuangalie."

Babu akamshika mkono. "Akasemaje?"

"Alinyamaza. Lakini nilijua anasikia."

Bibi anasema hiyo siku Babu alimaliza uji wote, akaitisha mwingine.

Babu alilala Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, jioni, Sabato ikiingia, Bibi akimuimbia.

Ameacha mjane wake, Bathsheba Kwamboka. Watoto wake Gibson Ratemo, Ruth Nyanchera, Lavender na Lewis. Wajukuu, wakiwemo Ashley na Brandon. Na ndugu yake, Mzee Lotulia wa Kamelei. Wengine waliuliza kama mtu hajabatizwa anaweza kuandikwa hapo. Bibi akasema, "Andikeni. Mzee wangu alisema ndugu watapatikana, na huyu alipatikana."

Alale salama, mpaka Bwana amwite kwa jina lake.