Notburga Kapinga, Mtengenezaji wa Kontena

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji wote poleni. Naitwa Jastini Kapinga, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitayasoma hadi mwisho hata sauti ikigoma.

Dada yetu Notburga alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 kijijini Mbuji, mtoto wa tatu wa Mzee Ignatio na Mama Veneranda, wakulima wa kahawa, akasoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari Mbinga mjini, kisha chuo kikuu Dodoma, alikohitimu masomo ya kompyuta mwaka 2012.

Aliajiriwa Mbinga kutunza kompyuta za chama cha wakulima, na mwaka 2015 akaanza, kwa hiari yake, kazi iliyomjulisha kwa watu wa mbali, yaani kuchukua programu huria za kupanga na kuendesha kompyuta nyingi kwa pamoja, kuzifunga na kila kinachohitajika, zikawa nyepesi hata kwa mtandao wetu huu wa kusuasua, ili mafundi popote walipo wazipakue bure. Mafurushi hayo wenyewe wanayaita kontena.

Tarehe 8 Julai 2017 alifunga ndoa na Bwana Leopold Komba wa hapa Ngumbo, na mshenga alipoeleza kwamba binti anatengeneza kontena, baba mkwe, Mzee Tarsisi, aling'oa muhogo wake kando ya nyumba ili kontena lishushwe pale, apate kuhifadhia usipa, dagaa wa ziwani kwetu, akangoja lori mpaka mvua zikaanza, jambo ambalo marehemu alilicheka hadi machozi, na hata leo tunalicheka, tutafanyaje. Walijaliwa watoto wawili, Winnie na Methodi.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya titi, na wakati huo ni yeye peke yake aliyeweza kutoa toleo jipya la kontena zile kila kasoro ilipoonekana. Akasema waziwazi kwamba kazi hii haitazikwa naye, akawa anamfundisha mwenzake wa Mbinga, Bonifasia Hyera, kwa simu, kitandani, anatapika kwa ukali wa dawa, anajifuta mdomo, anaendelea, na tulipomsihi aache alitufukuza chumbani, nasi tukakasirika kwa kuwa tulimpenda. Mwezi Mei mwaka huu Bonifasia alitoa toleo bila kumuuliza chochote, na marehemu alipoliona akaomba uji, akaunywa wote.

Aliagiza kwamba akifa jina lake liondolewe mara moja kwenye orodha ya watunzaji wa kontena zile, mtu mwenye shida asije akamwandikia marehemu, akakaa anangoja jibu. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, nyumbani, mumewe akiwa amemshika mkono, na mchana ule ule Bonifasia alitekeleza agizo hilo huku analia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji na kutupikia, wafanyakazi wenzake, na wale wa nchi za mbali ambao hawakuwahi kumwona uso.

Dada, jina limeshatoka, hakuna anayekungoja kazini. Pumzika sasa, kwa amani.